Daktari wa Juu

Baba yangu yu hai. Naanza na hilo ili msomaji asikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Yu hai, ana mguu mmoja na nusu, anauza nazi Kongowea, na ananikera kila siku ya Mungu. Lakini si yeye ninayetaka kumweleza hapa. Nataka kumweleza mwanamke aliyeniwezesha kuiandika sentensi ile ya kwanza, ambaye hospitalini kwetu tulimwita Daktari wa Juu.

Asidhani mtu kwamba alikaa ghorofani. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, mwisho wa ujia, kati ya stoo ya mashuka na mlango wa dobi. Hiyo "juu" ni kichwa. Aliyelitamka jina hilo alikigonga kipaji cha uso wake kwa kidole, asije akaeleweka vibaya. Muuguzi akisema, "Huyu wa dirishani aitiwe Daktari wa Juu," jamaa za mgonjwa walianza kukusanya birika na kanga zao, wakidhani mtu wao anafukuzwa, au anapelekwa kule ambako watu hawataji. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilifurahia. Alisema kwao mtu wa juu ni mkubwa, na kwa kuwa hospitali haijampa ukubwa wowote, atauchukua huo huo.

Mimi nafanya kazi ya dawa, kwenye dirisha la wagonjwa waliolazwa. Ndiko nilikomjulia, miaka mingi, kwa ugomvi. Neno "hakuna" lilikuwa halimwingii. Ukimwambia dawa fulani hakuna, aliegemea dirisha, akauliza haiko wapi: haiko hapa, haiko stoo, au haiko duniani? Nikikasirika, alitabasamu. Nikinyamaza, alisubiri. Mwisho nilikuwa naitafuta dawa ili tu aniondokee mbele ya macho, na mara nyingi, sijui kwa nini, ilipatikana.

Hospitali yetu ni ya kila ugonjwa. Kuna wodi ya upasuaji, ya wazazi, ya watoto, ya sukari na presha, na kila wodi hujali kiungo chake. Wa mfupa huangalia mfupa. Yeye alikuwa hana wodi, kwa hiyo wodi zote zilikuwa zake. Alizitembelea zote, amebeba kigoda cha plastiki cha buluu, maana alisema hawezi kuzungumza na mtu aliyelala huku yeye amesimama, ataonekana askari. Alikitua kando ya kitanda, akakaa magoti yamemfika kidevuni, kwa kuwa alikuwa mrefu, akauliza mambo madogo madogo. Umelalaje. Chakula kina ladha? Kuna mtu humu anayekuudhi? Wauguzi wageni walidhani anapiga soga.

Jambo moja lilimpandisha hasira waziwazi, nalo ni madaktari wenzake waliposema mbele ya mgonjwa, "Hana kitu, ni akili tu."

"Hiyo 'tu' mmeitoa wapi?" aliwauliza. "Nani amewaambia akili ni tu?"

Nilimwona akimuuliza hivyo bingwa wa moyo, mtu mzima mwenye mvi, naye bingwa akaanza kupekua faili la mgonjwa kana kwamba jibu limo humo.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwahimiza watu wote walale vizuri, naye akasinzia katika kila mkutano. Aliweza kukaa na mtu anayepiga kelele mpaka akanyamaza, lakini paka akipita chini ya meza, na hospitali yetu haina upungufu wa paka, alipanda juu ya kiti. Siri za wagonjwa hazikutoka kinywani mwake hata ungemtega vipi, ila ukimwambia nani atapandishwa cheo, kufika adhuhuri hospitali nzima imeshajua. Na kucheka kwake kulikuwa hakuna adabu. Kulianzia ujiani kukafika mochwari.

Kiswahili chake sasa. Mtu wa bara huyu, alikuja pwani akiwa mtu mzima, na ngeli alikuwa ameziacha huko alikotoka, kama alipata kuwa nazo. "Kiti yangu," "hii maji," "dawa mbili kubwa wamekwisha." Sisi watu wa Mvita tuna ubaya wetu, lugha tunaiona mali ya urithi, na tulimcheka bila huruma. Aliyecheka zaidi ni yeye mwenyewe. Hadithi iliyompa umaarufu ni ya mzee mmoja wa Likoni aliyepasuliwa ngiri. Alimuuliza hali, mzee akamjibu, "Nimechoka, daktari. Nataka kwenda zangu." Basi! Akadhani mzee anataka kujiua, akawaita wauguzi, akaamuru mzee asiachwe peke yake, muuguzi akawekwa kitandani pake kutwa nzima. Mzee aliingiwa na hofu, akawauliza wanawe kimya kimya amefanya kosa gani hata analindwa hivi. Kumbe alitaka kwenda nyumbani kuwaona mbuzi wake, hilo tu.

Tangu siku hiyo alijifunza kuuliza. Alikuja dirishani kwangu na maneno, jinsi wengine wanavyokuja na karatasi za dawa.

"Leo kuna mama ameniambia moyo wampapa. Huo ni moyo wa kupima ama ni moyo wa kuongea?"

"Kupapa ni kudunda mbio, kwa ugonjwa au kwa hofu. Yote mawili," nilimwambia. "Pima kwanza."

Alikwenda akapima, kisha akakaa kuongea.

Wala hakuwadharau watu kwa yale wanayoyaamini, na hilo lilinishangaza, maana nimewaona wasomi wetu wenyewe wakiona haya mbele ya maalim. Palikuwa na mama mmoja wa Magogoni aliyevunjika nyonga. Baada ya kupasuliwa alianza kusema na dada yake aliyekufa zamani, akachomoa mpira wa maji mkononi, akamwita daktari wa mfupa kwa jina la marehemu mumewe. Wanawe wakasema huyu ameingiwa na pepo, tumtoe twende naye nyumbani, nao wakamleta maalim pale pale kitandani amsomee. Daktari wa Juu alimsalimia maalim kwa heshima, akamwonyesha upande wa kulia wa kitanda. "Wewe soma upande huu. Mimi nitapima upande huu. Na hakuna mtu kusukuma mwenzake." Alipopima akakuta mkojo umeingia maradhi na mwili umekauka maji, mambo ambayo mtu mzima akiyapata baada ya kisu, kichwa huzunguka. Akatiwa dawa na maji, na haukupita muda mrefu mama akarudi katika akili zake. Maalim alisema ni dua. Daktari alisema ni dawa. Mama mwenyewe alisema ni uji wa bintiye, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa baba.

Baba yangu ni mtu wa maneno makali. Amekuwa Kongowea maisha yake yote akiuza nazi kwa jumla, na wachukuzi wa mikokoteni humjua kwa matusi yake kabla ya kumjua kwa sura. Nyumbani Mishomoroni, ambako tumebaki mimi na yeye tangu mama alipofariki, chai ikipoa kidogo nitaambiwa namfanyia makusudi afe. Ndipo sukari ikampata, kidonda kidogo cha kidole kikapanda, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti katika wodi ya upasuaji ya hospitali ninayofanyia kazi.

Baada ya mguu kukatwa, baba akawa mpole. Alishukuru kwa kila kitu. Alikula chakula cha hospitali asiseme neno. Muuguzi mkuu aliniambia baba yako ndiye mgonjwa bora wodi nzima. Na kila aliyekuja kumtazama, mkubwa kwa mdogo, baba alimshika mkono akamwambia, "Nipe radhi zako, ndugu yangu. Kama nimekukosea, nisamehe." Wachukuzi aliowatukana miaka nenda miaka rudi waliombwa radhi wakatoka wanafuta machozi. Shangazi yangu, dada yake baba, alisema, "Mashaallah, maradhi yamemlainisha. Mwenyezi Mungu akimtakia mja kheri ndivyo." Nami niliona fahari. Nilisema, kumbe baba yangu muungwana, uungwana wake ulikuwa umejificha tu.

Daktari wa Juu alikuwa na desturi ya kumpitia kila aliyekatwa kiungo, aitwe asiitwe. Siku moja asubuhi akaja dirishani kwangu.

"Hii radhi ni nini?" aliuliza. "Kuna mzee kule upasuaji, jana ameniomba radhi. Hajawahi kuniona. Amenikosea lini?"

Nilicheka. Nikamweleza kama mwalimu. Radhi ni msamaha wa moyo, nikasema, ni desturi yetu watu wa pwani. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia watu hutakana radhi. Mtu akienda Hija huomba radhi mtaa mzima. Mtu akisafiri safari ya mbali, asiyojua kama atarudi, au mtu akiwa anakaribia ku—

Hapo nikaiweka chini karatasi ya dawa niliyokuwa nayo mkononi.

"Ramadhani ni lini?" aliuliza.

"Imekwisha juzi juzi."

"Na huyo mzee anaenda Hija?"

"Ni baba yangu," nikasema.

Alichukua kigoda chake akaenda. Hakuniambia nimfuate, lakini nilimfuata, nikasimama upande wa pili wa pazia na chupa ya chai niliyoishika sijui ya nini.

"Mzee," nilimsikia akisema, "jana umeniomba radhi."

"Naam, daktari."

"Nimeuliza maana yake. Nimeambiwa mtu akisafiri ndiyo anaomba. Sasa wewe unasafiri unaenda wapi?"

Mswahili asingeuliza hivyo. Sisi tukiombwa radhi tuna jibu letu tayari, radhi tele, nasi tupe zako, na mambo yamekwisha. Kuuliza zaidi ni kukosa adabu. Watu chungu nzima walikuwa wameshapita pale kitandani, wote wenye adabu zao, mimi nikiwamo, na hakuna aliyemuuliza baba safari yake.

"Safari gani tena na mguu huu?" alisema baba.

"Ndiyo nauliza."

Daktari alikaa tu pale kigodani. Nimesema alijua kusubiri.

"Nimeshaifunga," alisema baba hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia. "Najua ni haramu. Usinambie ni haramu."

"Sijakuuliza kama ni haramu. Nimekuuliza unaenda wapi."

"Nakwenda nipumzike. Mtu wa nazi asokuwa na mguu ni mtu gani? Nimekuwa mzigo wa mtoto. Nlikuwa nangojea siku ambayo mwanangu hayuko kazini, asije akaitwa yeye."

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa kesho yake.

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Nilitaka kulivuka lile pazia, na miguu haikunipeleka. Mimi ninayo yote miwili na haikunifaa. Nilimsikia Daktari wa Juu akisema kwa sauti ile ile ya kuulizia dawa, "Asante kwa kuniambia. Hiyo safari tuiahirishe kwanza, mzee, mimi kuuliza kwangu sijamaliza, na ninauliza polepole." Alichokuwa amekificha baba kwa safari hiyo kiliondolewa asubuhi ile ile, na kuanzia hapo hakuachwa peke yake.

Bosi wa upasuaji alipopata habari alitaka baba ahamishwe siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Walibishana ujiani, watu wote wanasikia. "Huyu si mgonjwa wetu tena," alisema bosi. Daktari wa Juu akamwambia, "Kidonda chake kiko kwenu na yeye mwenyewe yuko kwenu. Mmeshamkata mara moja. Mimi simkati mara ya pili." Baba akabaki kitanda kile kile, kati ya majirani aliokwisha kuwazoea, akipata dawa zake za kidonda na za huzuni kwa mkono mmoja. Dawa nilizitoa mimi dirishani, na siku hizo hakuna mtu aliyenisikia nikisema hakuna.

Shangazi ndiye aliyekuwa kazi. Alikuja amejitanda buibui mpaka puani kwa aibu. "Ati ndugu yangu ana wazimu?"

"Hana wazimu, mama," Daktari alimwambia. "Ana huzuni, na huzuni imekuwa ugonjwa. Kidonda chake si kilianza kidoleni? Tukingoja, kinapanda."

"Basi msiseme kwa watu."

"Mimi sisemi. Lakini wewe uwe unakuja kukaa naye. Ukitaka kumgombeza, mgombeze, mtu mgonjwa si maiti."

Shangazi alilipenda hilo la kugombeza. Alikuja kila siku.

Na mimi siku moja niliitwa nikae kwenye kile kigoda. Daktari wa Juu alisema baba anaamini yeye ni mzigo, nami ndiye mbebaji, basi aulizwe mbebaji. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumfariji. Yaliyotoka ni mengine. Nilimwambia, "Nimekukasirikia, baba. Ungeniacha na nani?" Nikalia kama mtoto. Baba alinitazama, akaanza kulia naye, mtu ambaye mazikoni kwa mama hakutoa chozi. Hakuna aliyetufariji. Daktari alikuwa ameangalia dirishani, na baadaye nilijua kulikuwa na paka pale nje naye Daktari alikuwa akijikaza asipande kitandani.

Kupona kwake kulikwenda kidogo kidogo, kukiyumba. Kulikuwa na siku njema, na siku ambazo uso wake ulijifunga tena. Kisha asubuhi moja Daktari wa Juu akaja mbio dirishani kwangu, akipiga kibao cha dirisha kwa kiganja.

"Ametukana!"

"Nani?"

"Baba yako! Amemtukana mtu wa chai! Amesema hata maji ya kuoshea sufuria yana ladha kuliko hiyo!"

Tulishikana mikono kupitia dirishani, tukacheka mpaka watu waliopanga foleni wakaanza kunung'unika. Mtu wa chai, maskini, hakuelewa kwa nini nilimwendea kumshukuru. Mchana baba alimkemea muuguzi mkuu kwa ajili ya shuka, na yule mgonjwa bora wa wodi akawa hayuko tena, alhamdulillahi. Kwa mara ya kwanza tangu kukatwa kwa mguu nililala usiku kucha.

Baba alirudi Kongowea kwa mguu wa bandia ambao aliutukana kwanza, kisha akauzoea. Kliniki alihudhuria, akilalamika njia nzima kwamba anaonekana anaingia mlango wa wendawazimu, na akifika anakaa muda mrefu kuliko wote. Vidonge alivimeza. Daktari wa Juu alihamishiwa bara baadaye, na siku aliyoondoka wodi zote zilimlilia, wakiwamo wale waliomcheka "kiti yangu." Chumba chake alipewa kijana mwema, msomi, Kiswahili chake safi, nami simsemi kwa ubaya, ila hajawahi kugombana nami hata mara moja.

Daktari wa Juu nilimwona tena mwaka huu. Alikuja Mombasa kikazi, nikampigia simu nikamwambia asithubutu kuondoka, kuna shughuli Mishomoroni. Alikuja amevaa dera alilolinunua njiani, fupi kwa urefu wake, nikamkalisha kwenye mkeka upande wa wanawake. Mvi zimemtoka. Alikuwa ameshamaliza sahani ya kwanza ya pilau kabla sijamaliza kumwagia malalamiko yangu.

Maana baba anaoa. Ameposa mjane anayeuza ndimu na pilipili kibanda cha tatu kutoka kwake, mwanamke ambaye naye ulimi wake si haba, na wamekuwa wakitukanana kwa miaka kumbe walikuwa wakipendana. Mimi hakuniuliza. Aliniarifu tu, huku anakoroga chai, kwamba chumba cha mbele kipakwe rangi.

"Umekasirika," alisema Daktari wa Juu.

"Nimekasirika sana! Wakati ule nilikuwa naogopa kumzika, na leo namwoza. Nimuite nani mama, mimi mtu mzima huyu?"

Alicheka kile kicheko chake kisicho adabu, kina mama wa kando wakageuka kumtazama. Alikuwa anataka kunijibu, lakini kipaza sauti kikakoroma upande wa wanaume, na sheikh akaanza kuozesha. Tukanyamaza sote. Sheikh alikuwa bado anasoma maneno yake, hajafika hata kwenye mahari, sauti ya baba ikamkata.

"Nimekubali!"

Watu walicheka huko na huku. Sheikh akasema, "Taratibu, mzee wangu, bado sijamaliza." Akaanza upya, pole pole, mpaka mwisho, na baba akajibu tena, kwa sauti kubwa na kavu, sauti ya mtu anayekubali kwa moyo wake wote na anashangaa anacheleweshewa nini.

Daktari wa Juu alinishika mkono, na nilipomtazama hakuwa anacheka tena. Vigelegele vikapigwa, na changu kilisikika mpaka barabarani.